Ngozi: Kilichokufa Juu, Kinachoishi Chini

Ukimtazama mtu usoni, karibu kila kinachogusana na hewa kimekwisha kufa. Macho yake yako hai, lakini nywele, nyusi na tabaka la juu kabisa la ngozi, lile unalolishika mnapopeana mkono, ni mabaki ya seli zilizokufa siku kadhaa zilizopita zikaachwa pale kwa kazi maalumu. Wengi huichukulia ngozi kama kifuniko tu, kitu cha kuufunga mwili usimwagike. Si kosa kusema hivyo, ila ni sehemu ndogo ya habari. Ngozi ni kiungo kamili kama lilivyo ini au moyo, chenye damu, neva, tezi, misuli midogo na askari wake wa kinga, na tatizo kililopewa kulitatua ni gumu: mwili wa binadamu umejaa maji nao unaishi katika hewa kavu, hivyo hauna budi kufungwa ili maji yasipotee na vijidudu visiingie, na papo hapo hauna budi kubaki wazi kiasi cha kutoa joto, kuhisi mguso na kukua. Mengi yanayoshangaza katika umbo la ngozi hueleweka ukianzia kwenye mgongano huo.

Ukubwa wa ngozi hutajwa kwa namna zinazopingana. Ngozi ya mtu mzima ikitandazwa ingefunika mita za mraba 1.5 hadi 2, karibu sawa na ubao wa mlango mmoja. Uzito ndio unaozua mabishano, kwa sababu wapo wanaopima matabaka mawili ya juu tu wakapata kilo chache, na wapo wanaoongeza mafuta yaliyo chini yake wakapata uzito mkubwa zaidi. Kwa hiyo usemi kwamba ngozi ndiyo kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini hutegemea mpimaji ameanzia wapi na ameishia wapi. Unene nao hauko sawa kila mahali: epidemisi, yaani tabaka la nje, ina unene wa takriban milimita 0.05 kwenye kope za macho, ilhali kwenye nyayo hufikia milimita 1.5, tofauti ya mara 30.

Mpaka usio bapa

Michoro ya darasani huonyesha ngozi kama matabaka matatu yaliyopangwa moja juu ya jingine: epidemisi juu, demisi katikati, na chini kabisa tabaka la mafuta liitwalo haipodemisi. Mchoro huo unasaidia, ila una dosari moja ambayo naona imewapotosha wengi. Huchora mpaka wa matabaka mawili ya juu kama mstari ulionyooka, na ukweli wake unaweza kuuona mtoto anapoanguka na kukwaruza goti. Litazame jeraha katika sekunde za mwanzo, kabla hujalipangusa. Damu haichirizi mara moja wala haienei kama utando. Hutokeza kwa vitone vidogo vilivyotengana, kana kwamba mtu amepatobolea pale kwa sindano. Kila kitone ni kilele cha kilima kimoja cha demisi kilichokatwa kichwa.

Epidemisi haina mshipa wa damu hata mmoja. Chakula na sehemu ya oksijeni yake huipata kutoka chini, kwa kupenyezewa na mishipa myembamba ya demisi, na ili upenyezaji huo utoshe, demisi imejiinua kwa vilima vingi vidogo ambavyo ndani ya kila kimoja mna kitanzi cha mshipa wa damu. Epidemisi nayo imezama katika mabonde yaliyo kati ya vilima hivyo, mithili ya vidole vya mikono miwili iliyofumbatana. Mpangilio huo huongeza eneo la kugawia chakula, na pia huyashikamanisha matabaka mawili yasiteleze moja juu ya jingine tunapovuta, kusugua au kubeba kitu. Umri unapokwenda, vilima hupungua urefu na mpaka hulainika kuwa bapa, na hiyo ni sababu mojawapo ya ngozi ya mzee kuchanika kwa mguso ambao kijana asingeuhisi.

Kwenye viganja na nyayo vilima hivyo hujipanga kwa mistari, na mistari hiyo huonekana juu kama alama za vidole. Hujengeka mtoto akiwa tumboni, na kabla mimba haijafika nusu ya muda wake ramani yake huwa imekwisha kuwekwa. Jeni huchangia, lakini mambo madogo ya ukuaji wa kila kidole, kama mikazo na kasi ya kukua, huchangia pia, na ndiyo maana mapacha waliotokana na yai moja hawana alama zinazofanana kabisa. Kwa kuwa chanzo cha mistari kiko chini, mchubuko wa juu ukipona mistari hurudi ilivyokuwa. Kidonda kirefu kilichofika ndani ya demisi ndicho huacha kovu linaloikata.

Safari ya seli moja

Chini kabisa ya epidemisi kuna safu moja ya seli zilizokaa juu ya utando mwembamba. Hizi ndizo zinazogawanyika. Seli moja ikijigawa, moja ya zile mbili huweza kubaki mahali pake na nyingine huanza kupanda. Jina lake ni keratinosaiti, na seli za aina hii ndizo takriban tisa kati ya kila kumi zilizomo katika epidemisi. Inapopanda hujaza ndani yake keratini, protini ngumu ileile inayotengeneza nywele na kucha, na hujifunga kwa majirani zake kwa vifungo vingi vya protini. Ikikaribia juu hufanya jambo ambalo kwa seli nyingine lingekuwa ajali: huvunja kiini chake, humwaga nje mafuta iliyokuwa imeyahifadhi, huimarisha ganda lake, kisha hufa ikiwa imelala bapa kama kigae.

Kifo hicho kina utaratibu, na utaratibu huo ndio unaotufunga tusikauke. Wataalamu hulifananisha tabaka la juu na ukuta wa matofali: seli zilizokufa ni matofali, na mafuta yaliyomwagwa kati yake, hasa seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta, ni udongo wa kuyashikamanisha. Maji hayapiti kirahisi katika mafuta, kwa hiyo sifa ya kuzuia maji iko kwenye udongo kuliko kwenye matofali. Katika sehemu nyingi za mwili ukuta huo una safu 15 hadi 20 tu za seli, na zote pamoja ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Wembamba huo ndio tofauti kati ya mtu anayepoteza maji kidogo kidogo kwa siku nzima na majeruhi wa moto anayeweza kufa kwa kupoteza maji wodini huku kiu yake ikikatwa kwa dripu.

Safari nzima, tangu seli kuzaliwa hadi kudondoka, huchukua mwezi mmoja au zaidi kidogo, na hurefuka mtu anapozeeka. Mwishoni vimeng'enya hukata vifungo, na seli hupukutika moja moja bila kuonekana. Ikiharakishwa mno, hupotea mpangilio: katika ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi seli hufika juu kwa siku chache tu, hazijakomaa na hazijaachana na wenzake, hivyo hutoka kwa magamba. Ukuta wenyewe ukiwa na kasoro matokeo ni mengine. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba watu wenye hitilafu katika jeni ya protini iitwayo filagrini, ambayo huusaidia ukuta kujengeka na kuhifadhi unyevu, wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata pumu ya ngozi. Ugunduzi huo ulibadili namna ya kuutazama ugonjwa ambao kwa miaka mingi ulifikiriwa kuwa wa mzio peke yake. Kumbe kwa wengi huanza kwa ukuta unaovuja, na vichochezi vya mzio huingia kupitia nyufa zake.

Hapo panaeleza pia kwa nini ngozi hupauka. Sabuni haichagui, inapoondoa uchafu wenye mafuta huchukua na sehemu ya mafuta ya ukuta, na maji ya moto huzidisha. Mafuta ya kujipaka hayaiongezei ngozi maji, bali huzuia yaliyopo yasitoke, na ndiyo sababu mafuta yaleyale hufaa zaidi yakipakwa mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, kuliko saa mbili baadaye. Juu ya ukuta kuna pia uchachu kidogo, kwa kawaida pH iliyo karibu na 5, unaosaidia vimeng'enya vyake kufanya kazi na kuwabana vijidudu wageni, huku bakteria wenyeji, ambao ni wengi na kwa kawaida hawana madhara, wakiendelea kuishi hapo na kuwanyima wageni nafasi.

Lengelenge la kiatu ni somo jingine la mpangilio huu. Kiatu kipya kikisugua kisigino, seli za epidemisi huachana pale katikati, si juu wala chini, na nafasi hiyo hujaa majimaji mepesi yaliyochujwa kutoka kwenye damu. Majimaji hayo huwa angavu kwa sababu mpasuko haujafika kwenye demisi. Ukiona lengelenge lenye damu, ujue vitanzi vya mishipa vimeguswa. Paa la lengelenge ni ngozi yako mwenyewe, na hakuna bandeji inayolikaribia kwa kufaa, kwa hiyo kulichana kwa hamu ya kuona ndani ni kujiongezea siku za maumivu. Msuguano ukiwa mdogo lakini wa kila siku, seli za chini huzaana kwa wingi na ukuta hunenepa ukawa sugu.

Kuna jambo moja ambalo karibu kila mtu hulieleza visivyo. Vidole vikikaa majini ngozi yake hujikunja, na maelezo yaliyozoeleka ni kwamba ngozi imenyonya maji ikafura. Katika miaka ya 1930 madaktari waliona kwamba vidole vya watu ambao neva zao za mkono zimekatika havijikunji hata vikikaa majini muda mrefu. Maji ni yaleyale na ngozi ni ileile. Kilichokosekana ni amri. Kujikunja hutokana na neva kuibana mishipa ya damu ya ncha ya kidole, nyama ya ndani ikapungua na ngozi ya juu ikavutwa kuingia. Hata leo madaktari huweza kutumia jambo hilo kupima kama neva ya mkono iko hai.

Rangi na jua

Miongoni mwa seli za chini kabisa wamo wafanyakazi wa aina nyingine, melanosaiti, wenye mikono mingi mirefu inayofika kwa majirani zao wapatao 36 kila mmoja. Hutengeneza melanini, huifunga katika vifuko vidogo na kuigawa kwa majirani hao, nao huipanga juu ya kiini cha seli kama mtu anayejifunika kofia. Kofia hiyo si pambo. Mionzi ya urujuanimno ya jua huweza kuharibu DNA, na DNA ya seli inayogawanyika ikiharibika bila kurekebishwa, saratani hupata mwanzo.

Watu weusi na weupe wana idadi ya melanosaiti inayokaribia kulingana. Kinachotofautiana ni ukubwa wa vifuko, aina ya melanini iliyomo, jinsi vinavyotawanywa na muda vinaokaa kabla ya kusagwa. Kwa maneno mengine tofauti ya rangi, iliyobeba mzigo mzito hivyo katika historia ya binadamu, ni tofauti ya ufungaji na usambazaji. Kwa mtu mwenye ualbino melanosaiti zipo, ila haziwezi kutengeneza melanini ya kutosha. Kwa mwenye mbalanga, ambao hospitali huuita vitiligo, melanosaiti zenyewe zimetoweka kwenye mabaka meupe kwa kushambuliwa na kinga ya mwili wake. Kwa macho hali hizo mbili hukaribiana, lakini tiba zake ni mbali kabisa. Krimu za kujichubua nazo huingilia hapohapo: zenye zebaki huzuia utengenezaji wa melanini na huweza kudhuru figo, na zenye steroidi kali huifanya ngozi kuwa nyembamba hadi mishipa ionekane. Anayezitumia anaondoa kofia huku akibaki juani.

Jua lenyewe si adui tu. Miali ya urujuanimno aina ya B ikiifikia epidemisi hubadili kiasili fulani cha familia ya kolesteroli kuwa mwanzo wa vitamini D, ambayo ini na kisha figo huimalizia. Bila vitamini hiyo mwili hushindwa kunyonya kalisi ya kutosha, na mifupa ya mtoto huwa laini na kupinda. Melanini nyingi huchuja miali hiyohiyo, hivyo mwenye ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kupata kiasi kilekile. Miali aina ya A hupenya zaidi, hufika kwenye demisi na kuharibu nyuzi zake kwa miaka mingi bila kuunguza. Anayetaka kuona tofauti kati ya kuzeeka kwa umri na kuzeeka kwa jua alinganishe, kwa mtu mzima yuleyule, ngozi ya mgongo wa mkono na ngozi ya upande wa ndani wa mkono karibu na kwapa.

Kuna seli ya tatu ya kutaja. Mwaka 1868 Paul Langerhans, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, alipaka kemikali ya dhahabu kwenye kipande cha ngozi akaona seli zenye matawi ndani ya epidemisi, akadhani ni za neva. Ilipita karne nzima kabla ya kufahamika kwamba ni walinzi: hukamata vipande vya vijidudu, huondoka navyo hadi kwenye tezi za limfu na kuvionyesha kwa seli nyingine za kinga.

Demisi, au ngozi ya fundi viatu

Kiswahili hutumia neno moja, ngozi, kwa kile kilicho mwilini na kile kilichoshonewa kiatu, na hapo lugha imepatia kuliko inavyojua: ngozi ya kiatu ni demisi ya mnyama, epidemisi na manyoya vikiwa vimekwisha kuondolewa. Uimara wake ni wa kolajeni, protini inayofanya zaidi ya nusu ya uzito mkavu wa demisi, iliyofumwa kwa mafungu yanayopishana kila upande. Katikati yake zimo nyuzi za elastini. Bana ngozi ya mgongo wa mkono wako uivute kidogo, kisha uiachilie: kutochanika kwake ni kazi ya kolajeni, na kurudi mahali pake ni kazi ya elastini. Kwa mtoto hurudi kabla hujapepesa macho. Kwa mzee hukaa imesimama kwa muda. Hukaa hivyo pia kwa aliyepungukiwa maji mwilini, na wahudumu wa afya huitazama dalili hiyo kwa mtoto anayeharisha.

Chale na michoro ya wino hudumu kwa sababu hufika huku. Wino ulioachwa kwenye epidemisi ungeondoka na seli zinazopukutika. Ukiwekwa ndani ya demisi humezwa na seli za usafi ambazo haziwezi kuusaga, na seli moja ikifa jirani yake huuokota.

Katika demisi ndimo pia unamotatuliwa ule mgongano wa kufunga na kufungua. Mwili unapopata joto, mishipa ya damu ya ngozi hutanuka. Katika hali ya utulivu na baridi kiasi damu inayopita kwenye ngozi huwa chini ya nusu lita kwa dakika. Katika joto kali inaweza kufikia lita 6 au zaidi, na moyo hulazimika kufanya kazi ya ziada, ndiyo maana joto humchosha mgonjwa wa moyo hata akiwa amekaa. Damu huleta joto karibu na uso wa ngozi, lakini hewa ikiwa na joto kuliko mwili kuleta huko hakutoshi. Hapo huingia tezi za jasho, milioni 2 hadi 4 kwa mtu mmoja. Kinachopoza ni jasho kugeuka mvuke, ambako kila lita huondoka na takriban kilojuli 2,400 za joto. Jasho linalodondoka chini limepotea bure. Katika hewa yenye unyevu mwingi mtu hulowa na bado huungua ndani, kwa kuwa hewa imeshashiba mvuke. Ukiishika kioo cha kukuzia juu ya ncha ya kidole chako siku ya joto, utaona matone madogo yanayong'aa yamejipanga juu kabisa ya mistari, kila tone kwenye mdomo wa tezi yake.

Jasho hilo ni maji na chumvi, halina harufu. Harufu ya kwapa hutoka kwa tezi za aina nyingine, zinazoamka wakati wa balehe na kutoa majimaji mazito kidogo, nayo hayanuki mpaka bakteria wayachachue. Karibu na kila nywele kuna pia tezi ya mafuta, isipokuwa viganjani na nyayoni ambako hakuna nywele wala tezi hizo. Mafuta na seli zilizokufa zikiziba kinyweleo, chunusi huanza. Vinyweleo havifunguki kwa mvuke wala kufunga kwa maji baridi kama matangazo yanavyodai, kwa kuwa havina msuli wa kuvifanya hivyo. Msuli uliopo ni wa kuisimamisha nywele, na ndio unaofanya malaika ya mkononi yasimame kwa baridi au kwa hofu. Kwa mnyama mwenye manyoya mazito hilo hunasa hewa na kumtia joto; kwetu sisi limebaki kama desturi ambayo sababu yake imesahaulika. Wala ngozi haipumui, ila tabaka lake la nje hujipatia oksijeni kidogo kutoka hewani, kiasi kisichoufaa mwili mzima kwa lolote.

Neva za ngozi hazihisi kitu kimoja. Kuna vipokezi vya mguso mwepesi, vingine vya kukandamizwa kwa muda, vingine vya kuvutwa, na vile vilivyogunduliwa na Filippo Pacini katika karne ya 19, vilivyofumwa kama kitunguu na kukaa ndani zaidi, ambavyo husikia mtetemo. Usambazaji wao hauna usawa hata kidogo. Mwambie mtu afumbe macho, mguse kwa ncha za njiti mbili kwa wakati mmoja: kwenye kidole atazitambua kuwa mbili zikiwa zimeachana milimita 2 au 3 tu, lakini mgongoni anaweza kuapa kwamba ni njiti moja hata zikiachana sentimita 3. Namna neva zinavyogeuza joto na mguso kuwa umeme ilibaki fumbo hadi hivi karibuni. Mtafiti David Julius alitumia kiini cha ukali wa pilipili kukitafuta kipokezi chake, akakuta ni mlango uleule unaofunguliwa na joto linaloumiza. Kwa hiyo anayesema pilipili imemchoma anaripoti kwa usahihi alichoambiwa na neva zake. Yeye na Ardem Patapoutian, aliyegundua milango inayofunguliwa kwa kukandamizwa, walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2021.

Haipodemisi naweza kuipitia haraka: ni mafuta yaliyogawanywa katika vyumba, hutunza nishati, huzuia joto lisitoke na hupokea mapigo kabla hayajafika mfupani. Sindano za insulini hudungwa humo, kwa kuwa dawa hunyonywa polepole kuliko ikidungwa kwenye msuli.

Kina cha jeraha

Swali ambalo daktari hujiuliza mbele ya jeraha la moto si la ukubwa wake pekee. Ni la kina. Moto ulioishia kwenye epidemisi huumiza na kupona bila alama. Uliofika ndani kiasi ya demisi hutoa malengelenge na maumivu makali, na bado ngozi inaweza kujirudisha yenyewe, kwa sababu mashina ya nywele na mirija ya jasho, ambayo kuta zake ni epidemisi iliyozama chini, hubaki na seli zinazoweza kugawanyika; seli hizo hutambaa kutoka kila shimo hadi zikutane. Uliounguza demisi yote hauachi shimo hata moja. Jeraha hilo mara nyingi halina maumivu katikati yake, maana neva zimeungua pamoja na vingine, na mgonjwa au jamaa zake huweza kudhani ni jeraha dogo. Hulazimu kupandikizwa ngozi kutoka sehemu nyingine, ikichunwa nyembamba kiasi kwamba mahali ilipotoka mashina hubaki ili pajifunike tena.

Kovu ni kolajeni iliyowekwa kwa haraka, ikielekea zaidi upande mmoja badala ya kufumwa. Hata likikomaa halirudishi nguvu yote ya ngozi ya awali, na halioti nywele wala kutoa jasho. Kwa watu wengine, hasa wenye ngozi nyeusi, ujenzi hauambiwi uache, na kovu huvuka mipaka ya kidonda likawa keloidi. Aliyepona majeraha makubwa ya moto kwa ngozi ya kupandikizwa huweza kuonekana mzima kabisa, na bado akahitaji kukimbilia kivulini mapema kuliko wenzake, kwa kuwa eneo lile halitoi tena jasho la kutosha.

Mwaka 1975 James Rheinwald na Howard Green walifanikiwa kuzikuza keratinosaiti za binadamu kwenye sahani ya maabara, na tangu hapo imewezekana kupata karatasi za epidemisi kutoka kwenye kipande kidogo cha mgonjwa mwenyewe. Kilele cha njia hiyo kilionekana Ujerumani mwaka 2015, kwa mtoto wa miaka 7 aliyezaliwa bila protini inayougundisha mpaka wa epidemisi na demisi, ule wa vilima na mabonde. Ngozi yake ilikuwa ikichanika kwa mguso wowote, na alipofika hospitalini sehemu kubwa ya epidemisi yake ilikuwa imekwisha kutoka. Watafiti walichukua kipande kidogo kilichobaki kizima, wakaziingizia seli zake jeni sahihi, wakazikuza, na madaktari wakamfunika kwa karatasi hizo takriban asilimia 80 ya mwili. Zilishika. Kwa kuwa jeni iliyoingizwa iliacha alama tofauti katika kila seli, iliwezekana baadaye kufuatilia nasaba ya kila moja, na ikaonekana kwamba epidemisi yote mpya ilikuwa ikitunzwa na kundi dogo la seli shina zenye maisha marefu. Zile nyingine zote zilizopandikizwa zilikuwa zimekwisha kupanda juu, kufa na kupukutika.